Bibi Aliyegeukia Ukuta

Kabla sijamgusa mtoto mchanga, nabisha hodi. Najua hawezi kuitika, na wenzangu wa wodi ya watoto wachanga mahututi wamenicheka mpaka wamechoka. Lakini mtu mwenyewe hajafika hata kilo moja na nusu, tangu jana anachomwa sindano tu, halafu leo umwingilie na mikono yako ya baridi bila hata salamu? Mimi siwezi. Hodi, bibi mdogo. Kisha nasimama namtazama kwanza, maana ukimgusa atalia, na akishalia hutajua tena anavyopumua.

Asubuhi ninayoikumbuka ilikuwa ya ile baridi yetu ya mwezi wa saba, Mlima Meru umemezwa na ukungu. Wa kwanza kumkagua alikuwa binti aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Mama yake alikuwa wodi nyingine, amejifungua kwa upasuaji, presha imegoma kushuka, na hajamwona mwanawe hata mara moja. Kabla ya huyu alikuwa ameshapoteza wawili. Kwa hiyo alimwapisha mama yake mzazi kwamba hatabanduka pale, wala hatamwacha mtoto peke yake.

Bibi akatii kweli kweli. Alikuwa Mwarusha wa upande wa magharibi ya mlima, mkono wake mmoja umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, baada ya kuteleza kwenye matope akaanguka, na alikaa kando ya mashine ya joto akimlinda mjukuu wake kama anayelinda ndama.

Nikaweka kipimajoto kwapani. Thelathini na tano nukta nane. Kwa mtoto wa ukubwa ule hiyo si baridi ya kuchezea: inashusha sukari, inamla nguvu, na akichoka kupumua tunampoteza. Kofia anayo, soksi anazo, mashine nimeshaiongeza. Alichohitaji ni kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi. Mama hawezi kuinuka, bibi ana hogo. Nikatoka nje kumwita baba.

Alikuwa kijana mrefu, mchoma nyama wa Kwa Mrombo, na moshi wa kazi bado umemganda mwilini. Nikamsimamisha kwenye sinki akajisugua mpaka viwiko na kifua. Alipoingia chumbani shati likiwa limeshafungwa tena hadi shingoni, nikamwambia alivue. Akatazama sakafu.

"Sista, siwezi."

"Huwezi nini? Vifungo?"

"Mama mkwe yupo."

Nilipogeuka, bibi alikuwa ameshajifunika uso kwa khanga. Mimi ni Mmeru wa Makumira, nimeishi na Waarusha maisha yangu yote. Nilijua vizuri kwamba mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani wala hawasemeshani ana kwa ana, sembuse kukaa kifua wazi mbele yake. Nilijua, na bado damu ilinichemka.

"Mama," nikasema, "naomba utoke kidogo tu."

"Nimemwapia binti yangu. Sitoki."

"Haya, kijana, vua."

"Akitoka, sista."

Jamani. Mtoto anapoa, na watu wazima wawili wananiletea mambo ya heshima! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwage yote, na nina mdomo, sikatai, bibi aliposimama. Akakikokota kiti kwa mkono wake mzima, akakigeuza, akakaa akitazama ukuta.

"Mwambie avue," akaniambia, na huyo wa kuambiwa yuko hapo hapo. "Na wewe unitazamie. Kila unachokiona, kiseme."

Basi nikamkagua mtoto yule kwa sauti. Sijawahi kufanya hivyo kabla wala baadaye.

"Midomo ina rangi nzuri, mama. Vidole vya miguu vimepauka kidogo."

"Mbavu?"

"Haziingii ndani. Tumbo ni laini. Kitovu kikavu, hakinuki."

"Utosi?"

"Haujabonyea."

"Sema tena."

"Haujabonyea, mama. Uko sawa."

Nikamlaza kifuani kwa baba, shavu kwenye ngozi, miguu imekunjwa, nikawafunga pamoja kwa khanga na kuwafunika blanketi. Kijana alikaa amebana pumzi asije akamtikisa. Nilimpenda pale pale. Nikamwambia apumue tu, yeye ndiye anayemfundisha mtoto kupumua sasa.

"Mwambie asiiname," bibi akauambia ukuta.

"Mwambie mama nimeegemea."

"Mwambie amshike matakoni."

"Mwambie nimemshika."

Nilikuwa na watoto wengine wa kuangalia, nikawa napita na kurudi. Kila nikipita bibi aliuliza anaendeleaje, nami nilimjibu: analala, anapumua, vidole vya miguu vimeanza kupata rangi. Shingo ilikuwa imemkakamaa kwa kukaa vile, niliona jinsi alivyoisugua, lakini hakugeuka. Alisali polepole kwa Kimasai, lugha ya kwao. Hasira yangu ilikuwa imeshaisha, imebaki huruma kwa wote watatu.

Saa ya kupima tena ilipofika nilipenyeza kipimajoto chini ya khanga na kusubiri. Kijana alinikazia macho. Bibi aliacha kusali.

"Thelathini na sita nukta saba," nikasema.

"Hiyo ni nzuri?"

"Nzuri, mama. Amepata joto."

Kiti kikakwaruza sakafu. Bibi alikuwa amesimama na amegeuka, khanga imemwangukia mabegani, uso wazi. Kijana akashtuka, akanyoosha mkono kutafuta shati lake. Nilikuwa tayari kubeba ujumbe, lakini safari hii hakunituma.

"Acha, baba," alimwambia yeye mwenyewe. "Utamwamsha."