Uzi wa Nyavu Kwenye Mpapai

Juzi, pale Gungu, nilimwona fundi akishusha antena kuukuu, nikasikia tena harufu ya dagaa wa Bangwe, ufukweni tulikokimbilia nikiwa mtoto.

Vita vilikuwa vimetuvusha ziwa, mimi na mama. Baba alibaki Kongo. Mjomba alikuwa na redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Alasiri moja aliikataa antena ya fimbo, akachagua waya wa shaba, akauvuta kutoka kwenye mwanzi mrefu hadi kwenye mpapai, mbali na bati la paa.

“Mjomba, mbona umeishia hapa? Baba yuko ng'ambo!”

“Tulia, we mtoto. Waya huu unatosha.”

Sikutulia. Niliokota uzi wa nyavu, nikaufunga kwenye mpapai, nikakimbia nao ziwani hadi maji yakanifika magotini. Nyuma yangu redio ilikoroma, ikakoroma, kisha mama akapiga kelele: “Zawadi! Njoo umsikie baba yako, yu hai!”

Leo najua waya hupimwa kulingana na mawimbi, na sauti huvuka yenyewe hewani. Uzi wa nailoni haupitishi kitu. Lakini siku ile mama aliponiita sikwenda. Niliushika kwa mikono miwili, nisije nikamkata baba katikati ya maneno.