Pikapu ya Marehemu Kaka

Nilipokuwa mdogo nilipewa ng'ombe mgonjwa nimchunge. Alikunywa kila kisima na bado akalia kiu, nami sikuruhusiwa kumwacha. Basi, pikapu kuukuu ya marehemu kaka ilikuwa ng'ombe yule yule. Kila safari ya Bariadi nilisimama njiani kujaza maji kwenye rejeta, na ukoo ulikataa kuiuza, ukakataa na dereva mwingine.

Asubuhi moja, uani kwa mjane wa kaka, nilimwaga majivu chini ya injini, nikawasha gari nione tone litaangukia wapi. Kumbe mpira wa chini wa rejeta umepasuka! Nikaufunga kwa tyubu ya baiskeli, ukashika. Nikacheka mwenyewe. Mara majivu yakalowa upande wa pili, chini ya pampu ya maji.

"Shemeji, mguu umepona, sasa tumbo!" mjane akasema.

Nikaacha funguo kwenye kiti, nikaondoka kwa miguu. Sijakanyaga tena pale.