Programu Iliyoanza Upya Kila Asubuhi

Nakumbuka Jumatatu moja nilipofungua barua pepe za kikundi chetu cha wachonga mawe pale Tabaka, nikaenda kupika chai, nikarudi na kikombe mkononi, na barua ya kwanza bado haijafunguka. Nikaketi nikainywa chai yote. Ndipo ikafunguka, tena nusu. Mwanangu, unanijua, mimi sikuumbwa mpole. Kufikia hapo nilikuwa nimeshaipiga meza ngumi mara mbili.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na katika kikundi kizima ni mimi peke yangu niliyesomea kompyuta. Cheti changu nilikitia fremu nikakitundika ukutani, juu ya mashine, ili kila aingiaye akione kabla hajaniona mimi. Usinicheke. Hata wewe ungekitundika.

Basi wiki iliyotangulia tulikuwa tumemwita fundi mmoja kijana, Nyabuto, kutoka Magwagwa kule Nyamira, atuwekee mfumo mpya kwenye kompyuta. Ule wa zamani ulikuwa umechoka. Alifanya kazi yake siku nzima kwa utaratibu, akanionyesha kila kitu, akatuaga akaenda zake. Tangu siku hiyo ile programu ya barua pepe ikawa inatambaa. Ukibonyeza, inaganda. Ukitafuta barua ya zamani, inakuambia hakuna, na wewe unajua iko.

Nusu ile iliyofunguka Jumatatu ilikuwa barua ya mteja wetu wa ng'ambo, mama mwenye duka. Alitaka tena yale mafungu ya sanamu za Krismasi tuliyomchongea mwaka uliopita: Mariamu, Yusufu, mtoto, na kondoo wao. Alitaka tumthibitishie vipimo vilevile vya mwaka uliopita kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo angeagiza kwingine. Vipimo vyenyewe na michoro vilikuwa ndani ya barua zake za zamani. Hatukuwa tumechapisha hata moja. Na usiniambie habari za kwenda saiba kuzifungulia kwenye kompyuta za kulipia, kwa sababu barua zote zilikuwa zimeshushwa ndani ya mashine ile na huko mtandaoni hakukubaki kitu.

Kazi hiyo ilikuwa ya msimu mzima, kwa nyumba thelathini. Wachongaji walikuwa wanaisubiri, na akina mama wanaosugua mawe kwa msasa ndani ya beseni za maji nao wanaisubiri. Kila nikipita uani wananiuliza, "Kerubo, mzungu amesema nini?" Nami najibu, "Oda inakuja, inakuja," na kuharakisha hatua.

Jumanne tukawa na mkutano wa kikundi bandani. Niliiacha mashine imewashwa ofisini, nikaenda. Nilipoulizwa habari za oda nikasimama nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Yule Nyabuto ametuharibia mashine. Hajui kazi." Nilikuwa sijachunguza lolote. Waswahili husema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mimi jua langu lilikuwa Nyabuto. Watu wakaguna. Mmoja akasema ndivyo walivyo watu wa upande ule wa Nyamira, na hakuna aliyemkanya, hata mimi. Mwingine alikuwa na shemeji yake mwalimu mkuu huko Magwagwa, na huyo mwalimu alikuwa amempa Nyabuto kazi ya kompyuta za shule yake. Akatoa simu palepale akampigia. Nami nilitoka mkutanoni nimetulia moyo, kama mtu aliyetua mzigo.

Jumatano saa tatu asubuhi niliiwasha mashine nikakuta mambo ni yaleyale. Nikaamua. Nitaifuta programu pamoja na kila kilichomo ndani yake, niiweke upya, nianze safi. Kuhusu vipimo nilijiambia nitamwandikia mteja nimwombe atume tena. Haya yalikuwa mawazo ya mtu mwenye hasira, maana nani anamwambia mteja, mwaka mmoja tu baada ya kazi, kwamba amepoteza barua zake?

Hapo ndipo alipoingia mwenyekiti wetu, mzee Ombati, ambaye sote tulimwita Tata, yaani baba. Tata Ombati alikuwa mzee wa kanisa, mchongaji tangu utoto, vidole vyake vimekomaa na vumbi la jiwe halimtoki kwenye nyusi. Kompyuta hakuijua hata kuiwasha. Akavuta kiti akaketi kando yangu, akaitazama skrini. Nilidhani amekuja kunihimiza, nikaanza kumweleza makosa ya Nyabuto tangu mwanzo. Akaniacha niseme nikamaliza.

"Hiyo namba iliyo pale chini," akasema. "Jana nilipokuja kuchukua funguo ya banda, adhuhuri, iliandika arobaini na moja. Leo inaandika tatu. Kwa nini imerudi nyuma?"

"Ni maandishi tu ya mashine, Tata."

"Inayaandika bure?"

Nikainama nikasoma. Mwanangu, wiki nzima mstari ule mdogo ulikuwa pale chini ya dirisha na mimi mwenye cheti sikuwa nimeusoma. Ulisema kwamba kwa kuwa mfumo umebadilishwa, programu inazipanga upya barua zote, na kwamba itakuwa nzito mpaka imalize, tafadhali isizimwe. Asilimia tatu. Na barua zetu zilikuwa maelfu, kila moja imebeba picha za sanamu, kwa sababu tangu kikundi kianze sikuwahi kupunguza hata moja.

"Basi nani anairudisha nyuma?" akauliza Tata.

"Hakuna. Jana mawingu yalipokusanyika nilichomoa plagi, kama kawaida."

Hapo akaitazama ile plagi ukutani, na nilijua kwa nini. Sheria ya kuchomoa ilikuwa yake. Wewe umezaliwa hapa, sihitaji kukueleza radi ya Gusii. Kila alasiri mvua inakuja na ngurumo zake, na mtu mwenye akili hachezi nayo. Radi ilikuwa imemuulia Tata ng'ombe wawili kwa mpigo mmoja, na mwaka uleule ikachoma redio ya kikundi. Tangu hapo akaamuru kwamba wingu jeusi likionekana tu, kila kitu chenye waya kichomolewe, bila kungoja. Nasi tulitii. Sikuwa hata nafunga programu, nilikuwa nanyofoa tu waya ukutani na kukimbilia nyumbani. Na siku ambazo mvua ilichelewa, nilikuwa naizima mwenyewe mara tatu kwa hasira na kuiwasha tena. Kwa hiyo mashine maskini ilikuwa inahesabu barua asubuhi, inakatwa kabla haijamaliza, na kesho yake inaanza na moja. Fundi gani wa Magwagwa angejua kwamba huku Tabaka kompyuta inaishi mpaka saa nane mchana tu?

Tata akasema polepole, "Sisi tukigonga jiwe likalia vibaya, hatuongezi nyundo. Tunalimwagia maji kwanza, tuone ufa uko wapi. Wewe maji uliyamwaga wapi, binti?"

"Nilimmwagia Nyabuto," nikasema. Aibu ilinishika hadi kwenye masikio.

Tukaiacha siku hiyo bila kuigusa. Kufikia saa nane ilikuwa imefika sabini, mawingu yakaja, tukachomoa. Nilitaka kulia. Lakini Tata alikuwa ameshapiga hesabu yake. Alisema ikiwa tangu saa tatu imefika sabini, basi tuiamshe mapema zaidi. Alhamisi saa kumi na mbili alfajiri nikawa mlangoni mwa ofisi, umande umenilowesha viatu. Tata alikuwa ameshafika. Kabla ya kuiwasha alinipa sharti moja, nisiiguse hata iwe nini.

Unajua ni kazi gani kwa mtu kama mimi kuketi na kutogusa? Nilifagia. Nilipanga faili. Saa nne ilikuwa hamsini na tano. Akina mama wakaacha beseni zao wakaja kuchungulia dirishani, wakawa wanatangaziana namba kama matokeo ya uchaguzi. Saa saba kasorobo ikafika tisini na nne, na upande wa Kenyenya mbingu ikawa imeanza kuwa nyeusi. Ngurumo ya kwanza ilisikika mbali sana. Mkono wangu ulikwenda kwenye plagi wenyewe, kwa mazoea. Tata akatoka uani akaangalia wingu, akarudi. "Bado liko huko kwao," akasema. "Likivuka mto nitakuambia." Tukangoja. Tisini na nane, tisini na tisa, na ule mstari ukapotea wenyewe. Nikaandika jina la mteja pale pa kutafutia. Barua zake zote zikaja kwa mara moja, kufumba na kufumbua. Nilinakili vipimo kwa mkono, nikajibu, nikafunga programu vizuri, ndipo nikachomoa. Mvua ilipoanza kupiga mabati tulikuwa tunacheka.

Ijumaa asubuhi jibu likaja: kazi ni yetu. Mchana Tata akatuita sote kwa muda mfupi, kabla watu hawajaenda nyumbani kujiandaa kwa Sabato. Akasimama akasema, "Sheria ya kuchomoa ni yangu. Niliiweka bila kumuuliza anayeijua mashine. Kosa lilikuwa langu, mnisamehe." Akaketi. Mzee wa umri ule, mbele yetu sisi tulio watoto kwake. Hakunitazama hata kidogo. Nami nilinyamaza, nikijiambia kwamba limepita.

Lakini moyo haukukubali. Jumapili nilibeba mkungu wa ndizi nikaenda mpaka Magwagwa, nikamkuta Nyabuto nyumbani kwao. Nilimweleza yote, nikamwomba msamaha, sikujitetea. Alinisikiliza kwa adabu, mama yake akatuletea chai. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu.

"Dada Kerubo, uliposema sijui kazi mlikuwa watu wangapi?"

"Kikundi kizima," nikasema.

"Na leo tuko wangapi?"

Nikaweka kikombe chini. Mkutano uliofuata nilisimama bandani palepale nilipomchafua, nikamsafisha kwa jina lake, na jambo lile la watu wa Nyamira nikalikemea pia. Kisha nikaenda kwa yule mwalimu mkuu kwa miguu yangu mwenyewe. Alinipokea vizuri, akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia anasikitika, kazi ameshampa fundi mwingine. Oda yetu niliiokoa, mwanangu. Kazi ya Nyabuto sikuiokoa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi hiyo sikuisoma kitabuni.

Sasa nakuambia wewe, kwa kuwa jana nimekusikia kwenye simu ukimlaumu mtu kwa sababu mashine yako imekuwa nzito. Kitu kikiharibika baada ya kubadilishwa, usikimbilie kufuta. Soma kwanza kinachokuambia, hata kama kimeandikwa kwa herufi ndogo. Uliza ni nini kilichobadilika, kisha uliza mnachokifanya kila siku bila kufikiri, kwa sababu hata desturi nzuri yaweza kuwa ndiyo inayokwamisha. Weka nakala za barua zako pengine kabla hujaanza kuchokonoa, na ujaribu jambo moja, ungoje uone, ndipo ujaribu la pili. Asiyejua mashine naye msikilize, huenda ameona namba usiyoiona. Hayo ni ya kompyuta, na utayaweza, una kichwa kizuri kunishinda.

La mtu ni zito zaidi. Usimtaje mtu kwa ubaya kabla hujachunguza, na ukishamkosea mbele ya watu ishirini, usiende kumwomba msamaha mkiwa wawili kisha ukajiona umemaliza. Nenda ukasimame mbele ya wale ishirini, na uende upesi, maana maneno yako yatakuwa yamekutangulia.

Nyasae, Mungu wetu, akupe macho ya kuona na subira ya kungoja. Auongoze ulimi wako, na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe miguu ya kurudi kwa watu na uso wa kuwatazama. Nenda ukampigie huyo mtu simu sasa hivi. Mimi niko hapa, nitakungoja umalize.