Aliyejaza "Ndiyo" Kwenye Swali la Kumi na Nne

Ni saa mbili na dakika kumi asubuhi. Milango ya mahakama iliyo ng'ambo ya barabara bado imefungwa, lakini kwenye kibanda cha Mama Koma watu wanne wameshakaa kwenye benchi na wa tano ameegemea nguzo. Printa inakohoa karatasi moja baada ya nyingine. Mama Koma hainui kichwa.

"Hapa umesema mwenye nyumba alikutoa," anamwambia mzee aliyeketi mbele yake. "Alikutoa vipi, baba? Alikuambia utoke, au alivunja mlango?"

"Aliutoa mlango wenyewe, mwanangu. Akaubeba akaondoka nao."

Benchi zima linaangua kicheko. Yeye hacheki. "Basi tuseme hivyo hivyo. Hakimu lazima auone mlango ukiondoka." Anapiga chapa, anarudi nyuma mistari miwili, anaweka koma, kisha anamsomea mzee hati nzima neno kwa neno kabla ya kumruhusu aweke dole gumba.

Hiyo ndiyo kazi yake kwa miaka tisa sasa: kuwapigia chapa hati za kiapo na malalamiko watu wanaoingia mahakamani bila wakili. Jina la Mama Koma alipewa na makarani wa masjala, kwa sababu hagombani na mtu kama anavyogombana na sentensi ndefu isiyo na pa kupumulia. Ana miaka arobaini na mmoja, binti mmoja aliye sekondari, na hasira ambayo haifichi.

"Andika kwamba nina hasira," anamwambia mwandishi wa makala haya kabla hata hajaulizwa swali. "Usije ukaniandika kama mama wa watu aliyenyenyekea mpaka akahurumiwa. Mimi sikuhurumiwa."

Miaka kumi na moja iliyopita hakuwa na kibanda wala kompyuta. Alikuwa dereva wa gari la kusambaza mikate, mwanamke pekee kati ya madereva kumi na wawili, na anakiri kwamba alijiona sana. Mchana mmoja madereva walimfanyia mwenzao aliyestaafu sherehe ndogo kwenye yadi ya magari. Alikunywa bia tatu. Ya nne aliimalizia amesimama, funguo mkononi, kwa kuwa kulikuwa na trei thelathini za mikate ambazo hazijafika madukani.

"Nilijiambia niko sawa. Kila mlevi husema hivyo. Niko sawa, niko sawa."

Hakuwa sawa. Kwenye kona ya pili gari lilipanda ukingo wa barabara na kumbana fundi viatu aliyekuwa kwenye kigoda chake akishona soli. Mguu wake wa kulia ulivunjika mara mbili chini ya goti.

Mama Koma alishuka, akasaidia kumtoa, akapanda naye gari la wagonjwa huku akinuka pombe. Polisi walimkuta kwenye korido ya hospitali. Wiki chache baadaye alisomewa shtaka la kuendesha gari akiwa amelewa na kumjeruhi mtu. Alikubali kosa. Akafungwa miezi minane, na leseni yake ikafungiwa miaka mitano. Hajaonja pombe tangu siku ile.

"Kifungo nilistahili. Hapo sitaki mtu anitetee," anasema. "Lakini kabla ya hukumu hakimu aliniuliza kama nina la kusema ili anipunguzie adhabu, na mimi sikuelewa ninaulizwa nini. Nikajibu, 'Sina ugomvi na mtu.' Watu wakacheka. Gerezani nikakuta nusu ya wanawake walijibu mambo ya aina hiyo hiyo. Mmoja alikubali shtaka akidhani anaulizwa kama jina lililosomwa ni lake."

Anarudia kwa sauti ya juu: "Jina lake! Alikaa ndani miaka miwili kwa sababu anajua anaitwa nani."

Alitoka gerezani akiwa na jambo moja kichwani: atasoma sheria. Shule aliiacha kidato cha pili. Alirudi kusoma jioni, akakaa kwenye dawati na vijana wa umri wa kumwita shangazi, na kweli walimwita shangazi. Mtihani wa kwanza alifeli hesabu. Wa pili alipita. Ilimchukua miaka sita, huku akipiga chapa mchana, kufikisha alama za kuombea nafasi katika kitivo cha sheria cha chuo kimoja cha umma.

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Swali la kumi na nne liliuliza: Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote? Kukawa na visanduku viwili.

Mdogo wake wa kiume, fundi umeme, alikuwa amekaa naye mezani siku hiyo.

"Dada, weka hapana," alimwambia. "Miaka kumi na moja! Nani atafukua?"

"Nitafukua mimi."

"Acha ushujaa. Kuna wakili ninamfungia nyaya ofisini, alishafungiwa leseni ya udereva kwa ulevi. Aliweka hapana, leo ana tai na makarani watatu. Wewe unataka nini hasa, kusoma au kusifiwa?"

"Nataka kusoma bila kuogopa mlango ukigongwa."

Aliweka alama kwenye Ndiyo, akaambatisha nakala ya hukumu yake. Mdogo wake aliondoka bila kumaliza chai.

Mwezi mmoja baadaye aliitwa mbele ya kamati ya mwenendo. Watu watano, meza ndefu, chupa za maji. Anasema hakuulizwa chochote kuhusu alama zake wala kwa nini anataka sheria. Wa kwanza kufungua mdomo alipekua faili, akatazama juu ya miwani.

"Wewe ndiye mlevi?"

"Mimi ndiye niliyefungwa kwa kuendesha gari nimelewa," alijibu. "Miaka kumi na moja iliyopita."

"Na asubuhi hii?"

Wawili walicheka. Mmoja aliangalia simu. Ndani ya dakika saba alikuwa ameshatolewa nje.

"Nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili nisije nikarusha kitu," anakumbuka. "Fundi viatu akinitukana, nitainama. Lakini wale niliwakosea nini? Walikuwa wanajichekesha tu, mimi nimekaa pale kama kichekesho chao cha asubuhi."

Barua ilikuwa ya mstari mmoja: kamati haikuridhika kwamba mwombaji ni mtu mwenye mwenendo mwema.

Kama walidhani atakwenda nyumbani kulia, hawakujua kazi yake. Kesho yake alikwenda maktaba ya chuo hicho hicho, akaomba kitabu cha kanuni za udahili, akakisoma akiwa amesimama. Ukurasa wa thelathini na mbili ulisema wazi kwamba kosa lililopita miaka kumi halitakuwa sababu pekee ya kumnyima mtu nafasi, na kwamba kamati ikikataa lazima itoe sababu kwa maandishi. Siku za kukata rufaa zilikuwa thelathini. Zilihesabiwa tangu tarehe ya barua, iliyochelewa kumfikia; zilikuwa zimebaki kumi na tisa.

"Kanuni ni zao. Kitabu ni chao. Muhuri ni wao," anasema, akigonga meza kwa kila neno. "Na hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyejisumbua kukifungua."

Rufaa ilihitaji pia maelezo ya mtu anayefahamu mwenendo wake. Angeweza kumwendea mwalimu wake wa jioni, au kiongozi wa dini. Alikwenda kwa fundi viatu.

Walikuwa wameonana mara moja tu tangu kesi. Alipotoka gerezani alikwenda kumwomba msamaha, na yule fundi akamrushia soli ya buti. Safari hii alimkuta ndani ya soko, kwenye kiti cha mbao chenye mto, kwa kuwa hawezi tena kukalia kigoda.

"Umekuja kuomba msamaha tena?"

"Hapana, kaka. Nimekuja kuomba barua."

Fundi alipoelezwa ni barua ya nini, aliweka nyundo chini. "Wewe una macho makavu kweli. Umenivunja mguu, halafu unataka nikupeleke shule?"

"Nataka useme unachokijua. Ukisema vibaya nitakipeleka hivyo hivyo."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ni wewe tu mwenye haki ya kunikatalia."

Alimfukuza. Siku ya tatu akaja mwenyewe kibandani, akichechemea, akawapita watu kwenye foleni na kukaa kwenye kiti cha wateja.

"Piga chapa nitakavyosema," alimwambia. "Na usiniwekee koma zako."

Gazeti hili limeiona nakala ya maelezo hayo, yaliyotiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo. Yanaanza hivi: "Mimi ndiye niliyevunjwa mguu. Nikikaa saa moja unakufa ganzi. Wakati wa baridi nalala nimeuzungushia blanketi. Sijamsamehe na msiniulize lini."

Mama Koma alipiga chapa yote. Anasema alikosea neno blanketi mara mbili. Alipomaliza aya hiyo alimsomea kwa sauti, kama anavyomsomea kila mtu, mbele ya benchi lililojaa.

Fundi akasikiliza, akakubali kwa kichwa, kisha akaendelea: "Lakini mmeuliza kama ni mkweli. Siku ile barabara ilikuwa tupu na angeweza kukimbia. Hakukimbia. Mahakamani hakusema breki zilikatika. Na haya mabaya yote juu yake ameyapiga chapa mwenyewe na hakupunguza hata moja. Kama mnataka mtu wa kusema uongo kwa ufasaha basi huyu si wenu."

Rufaa ilisikilizwa na watu watatu, mwenyekiti akiwa jaji mstaafu. Kwa mujibu wa kumbukumbu za kikao, alimuuliza katibu wa kamati ya mwenendo walitumia kanuni gani kumkataa mwombaji.

"Ni desturi, mheshimiwa."

"Desturi ya nani?"

Jaji akaagiza waletewe takwimu. Ndipo ikajulikana kwamba katika miaka sita waombaji arobaini na watatu walijibu Ndiyo kwenye swali hilo, na wote arobaini na watatu walikataliwa. Mmoja wao kosa lake lilikuwa kuendesha baiskeli bila taa.

Uamuzi wa kamati ulitupwa. Mama Koma ataanza masomo muhula ujao. Lakini barua ya kumkubali ina aya ya mwisho inayomwonya kwamba hata akihitimu, baraza la mawakili linaweza kuuchunguza upya mwenendo wake na kumnyima leseni ya uwakili.

"Miaka minne nisome, halafu wanitazame tena juu ya miwani," anasema. "Sawa. Watanikuta najua kanuni zao kuliko wao."

Mkuu wa udahili, alipopigiwa simu na gazeti hili, alisema chuo humpima kila mwombaji kwa uzito wa jambo lake. Alipoulizwa inakuwaje watu arobaini na watatu wakawa na uzito mmoja, alisema yuko kikaoni. Simu ikakatika.

Fundi viatu, alipopelekewa habari, hakutoa pongezi. Aliuliza muhula unaanza lini, akarudi kwenye kiatu alichokuwa anashona.

Mama Koma anapanga kupiga chapa asubuhi na kusoma mchana. Mdogo wake amejitolea kukaa kibandani siku za mitihani, ingawa anapiga kibodi kwa kidole kimoja. Ila kuna jambo jingine analolitaka kabla masomo hayajaanza. Aliomba chuo kimpe majina ya wale wengine waliokataliwa. Akaambiwa ni siri.

Kwa hiyo wiki iliyopita alibandika tangazo ukutani, kwa herufi kubwa: WALIOKATALIWA CHUO KWA KOSA LA ZAMANI WAJE HAPA. HAKUNA MALIPO.

Wameshakuja watatu. Wa tatu anaingia tukiwa bado kwenye mazungumzo, mwanamume wa makamo aliyevaa sare ya usafi, barua yake imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Mama Koma anaisoma. Tarehe yake ni ya miaka minne iliyopita.

"Siku zilikuwa thelathini," anamwambia.

"Sikuambiwa, mama. Bado inawezekana?"

"Kwa kanuni zao, umechelewa." Anavuta kibodi karibu, anaweka karatasi mpya kwenye printa. "Kaa. Anza kwa kuniambia siku uliyopewa barua hii ni nani alikuambia kwamba unaweza kukata rufaa."

"Hakuna."

"Vizuri. Hiyo ndiyo sababu ya kuomba wakuongezee muda," anasema Mama Koma, na anaanza kupiga chapa.