Siku Nilipomkumbusha Daktari Rundo la Pamba

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi bibi wa Lalago, shule niliishia darasa la pili, aibu nimeziona nyingi, lakini ile ya hospitalini Bariadi nikiikumbuka napepeta mahindi, ungo unasimama wenyewe.

Mjukuu wangu Kabula ni daktari. Hospitali ndiyo iliyomwajiri, ikampa ruhusa akasomee ubingwa wa upasuaji, akatia sahihi mkataba kwamba akimaliza atarudi kuwatumikia. Sasa yuko katikati ya masomo, moyo ukahamia kwa watoto (aliniambia tukimenya viazi, "Bibi, kisu nakiweza, ila nikiingia wodi ya watoto ndiyo najiona niko nyumbani"). Shida ni mkataba. Uliandikwa upasuaji, na ulikuwa umefika wakati wa kuhuishwa, mwajiri akikataa basi Kabula arudi kwenye kisu asichokitaka, au aache masomo na kazi pia aikose. Wa kukubali au kukataa alikuwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, Daktari Masalu.

Siku yenyewe nami nilikuwa na kliniki ya presha, tukaenda pamoja. Akanikalisha kwenye benchi nje ya chumba cha kikao. "Bibi, kaa hapa, usiinuke. Daktari Masalu ameshaniambia hana kipingamizi, leo anatamka tu mbele ya wenzake."

Akaingia ndani. Ningekaa. Lakini mlango ukafunguliwa, nikamwona huyo Masalu uso kwa uso, paji lile, masikio yale, nikasema, ala, huyu si mtoto wa Kwandu? Nikaamua nikamsalimie, salamu tu, halafu nirudi.

Mlangoni akanizuia binti mmoja mwembamba. "Mayu, mama yangu, kuna kikao, subiri nje."

"Unaitwa nani?"

"Nyanzobe."

"Nyanzobe, kaolewe kwanza, ndipo uje kuwaonyesha wakubwa pa kukaa." Nikampita. Akasogea kunipisha (na mtu anayekupisha hivyo ndiye wa kuogopwa, lakini hilo nililijua baadaye).

"Mwangaluka, Masalu ng'wana Kwandu!" nikamsalimia kwa Kisukuma chetu.

Madaktari wote wakageuka. Masalu akasimama kwa heshima. "Mwangaluka, mayu."

Pale pale ndipo ningegeuka. Lakini watu walivyonitazama vizuri, makoti meupe yote yale, mdomo ukapata upepo, nikawaambia, huyu mnamwona mkubwa, siku ya chanjo alikimbilia ghalani kwa babu yake akajizika kwenye rundo la pamba, tukamvuta akatoka mweupe kama kondoo, anapiga chafya, analia "sitaki sindano", na aliyemshika miguu ni mimi! Wakacheka, mmoja akainamia meza. Kabula alikuwa amefunika uso kwa faili, mimi nikadhani naye anacheka.

"Tena Masalu, wewe si ulianza ualimu ukauacha ukahamia udaktari? Nani alikuzuia? Basi mwache na Kabula ahamie kwa watoto. Mama yako Kwandu ni mtoto wa dada yangu Minza, Mungu amrehemu, kwa hiyo Kabula ni dada yako. Utamnyima dada yako?"

Kicheko kikakatika. Masalu akavua miwani.

"Bibi, umeniua."

"Nimekuuaje, mwanangu?"

"Kama ni dada yangu, siwezi tena kumwamulia, watasema nimependelea ndugu. Itabidi nijitoe, aamue msaidizi wangu."

"Msaidizi wako ni nani?"

Akanyoosha kidole nyuma yangu. Nyanzobe alikuwa bado amesimama pale mlangoni.

Nikarudi kwenye benchi, safari hii bila kuambiwa. Kabula alihojiwa ndani mpaka jua likasimama utosini, na kliniki yangu ikanipita. Nyanzobe akatoka wa kwanza.

"Amekubaliwa," akasema. "Ila mkataba ni mpya. Muda aliosoma upasuaji hauhesabiwi, na akirudi atatumikia miaka mingi kuliko ile ya mwanzo, bila kuomba uhamisho." Kisha akaniinamia. "Na bibi, mimi nimeolewa. Mume wangu anaitwa Jilala. Liweke na hilo jina pamoja na mengine."

Njiani Kabula hakunitazama mpaka tunakaribia Maswa. "Bibi, Masalu angeniachia kwa miaka ile ile ya zamani. Shauri lilikuwa limekwisha." Nikamwomba radhi, nami siyo mtu wa kuomba radhi wajukuu. (Kwamba atakaa karibu nami miaka hiyo yote, sikusema. Kuna furaha za kumezwa.)

Juzi juzi nimerudi kliniki, nikakutana na Masalu kwenye korido, anawatembeza wageni. Akasimama.

"Shikamoo bibi. Unanikumbuka?"

Pamba yote ile ikanijaa mdomoni, na Kwandu, na Minza, na hata jina la yule muuguzi mwenye sindano.

"Marahaba, baba. Hapana, ndiyo kwanza nakuona."

"Afadhali," akasema, akanishika mkono akanifikisha kwenye benchi. Nikakaa, na sikuinuka mpaka nilipoitwa jina langu.