Siku Nilipomwita Mama Mkwe Mbele ya Mizani

Aibu ninayo, tena ya kugawia ghala zima, kwa hiyo chekeni kwanza mmalize ndipo mnisikilize.

Mimi ndiye niliyeandika programu ya chama chetu cha msingi hapa Urambo, ile inayochukua uzito wa robota la tumbaku kwenye mizani na kuupeleka kwenye kompyuta za mnunuzi (ndiyo, mimi, wa kidato cha nne na kozi ya kompyuta ya Tabora mjini, mtoto mgongoni, anayebisha akaandike yake). Ujumbe unakwenda kwa XML, lugha ambayo kompyuta hupashana habari, na humo kila jina lina ukoo. "Uzito" wetu si "uzito" wa mnunuzi, basi mbele ya jina unaweka kijina kifupi na nukta mbili kuonyesha ni la ukoo gani, na juu ya ujumbe unatangaza kwamba kijina hiki kinasimama badala ya anwani fulani ndefu. Sheria ya XML inasema chenye maana ni anwani. Kijina weka unachotaka.

Unachotaka! Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Siku moja kabla ya soko, mama mkwe alinikalia kooni tangu asubuhi: "Mama Neema, hiyo kompyuta inasonga ugali?" Kwetu mkwe hatajwi jina, ukimtaja unalipa kuku, nami nilikuwa nimeumuka kama andazi, mtoto analia, vijina vyenyewe vimenichosha, nikasema humu ndani ya programu nani ataona? Nikafuta kijina "mn" cha mnunuzi, nikaweka jina la mama mkwe. Kalunde:uzito. Kalunde:daraja. Kila nikiliandika napumua. Nikajaribu kwenye mashine yangu, ikapita bila neno, nikaiacha hivyohivyo.

Kesho yake ghala limejaa, kioo kikubwa cha kompyuta kiko ukutani ili kila mkulima aone uzito wake, na wa kwanza kwenye foleni ni nani? Mama mkwe, kambeba Neema wangu. Robota likapanda mizani, kioo kikawa chekundu, na karani wa mizani, Masudi, ambaye huwasomea wasioona vizuri, akapaza sauti bila huruma:

"Kalunde, uzito, haujulikani! Kalunde, daraja, halijulikani!"

"Nani kaniita?" akauliza mama mkwe.

"Kompyuta ya mkweo, mama!" akajibu Masudi.

Mtani mmoja Msukuma akadakia nyuma, "Leo Wanyamwezi wanachinja!" Ghala zima likaanguka kicheko.

Mimi sikucheka. Lori la mnunuzi lingeondoka mchana ule, ujumbe usipokubaliwa mzigo unarudi nyumbani, na wingu la mvua lilikuwa limeshatanda. Tumbaku ikilowa daraja linashuka, na ile ndiyo tumbaku yote ya mama mkwe ya msimu. Nikampigia fundi wa mnunuzi.

"Dada, mfumo wetu unatafuta mn."

"Hautazami anwani?"

"Unatazama mn tu."

"Lakini sheria iko upande wangu!"

"Iko upande wako, dada. Na tumbaku nayo iko upande wako bado."

Nilitamani kumtafuna simuni. Nikaanza kubadilisha, na kwa kuwa kijina nilikiandika kwa mkono kila mahali badala ya kukiweka sehemu moja, nilirekebisha huku, kikabaki kule, kioo kikawa chekundu tena, na Masudi: "Bado Kalunde mmoja huku chini!"

Mama mkwe akanisogelea. "Jina langu limefika kwa mnunuzi?"

"Limefika, mama."

"Wakalikataa?"

"Wamelikataa."

Akamgeukia wakala wa mnunuzi, Neema kiunoni. "Jina nililopewa na bibi yangu, nyie mnalikataa? Lina kasoro gani?" Wakala akabaki anafuta jasho. Kisha mama mkwe akanirudia mimi: "Na wewe badilisha haraka, mzigo wangu uende. Halafu kuku wangu awe jogoo. Tetea sitaki."

Kioo kikawa kijani kabla lori halijawashwa. Jogoo nililipa, mkubwa, Masudi akaja kula bila kualikwa.

Tangu siku hiyo kijina nakiweka sehemu moja tu, kile kile anachokitaka mpokeaji, sheria iseme isemavyo, na hasira zangu namalizia kwenye mwiko. Ila kila siku ya soko mama mkwe hunisogelea taratibu.

"Jina langu uliliondoa lote?"

"Lote, mama."

"Hata moja hukubakiza?"