Shati Nililoloweka kwenye Klorini

Wasomaji, mimi ni mwalimu wa kemia hapa Mfaranyaki, na tangu juzi napita vichochoroni nisikutane na jirani yangu, Mama Komba. Amefiwa na mumewe. Kinamama majirani tulikwenda kumfulia, na mimi kwa kiherehere changu nikaliona shati la bluu la marehemu, kola chafu, limetundikwa nyuma ya mlango. Nikadhani limesahaulika. Nikalitia kwenye ndoo, nikamimina klorini, nikaliacha mpaka asubuhi. Darasani hufundisha kwamba klorini huua vijidudu na huondoa rangi. Jioni ile nilikumbuka nusu tu ya somo langu.

Kesho yake ukoo ulikaa kugawana nguo za marehemu. Baba mdogo akawauliza watoto wa marehemu, "Shati la kaka la mlangoni liko wapi? Mama yenu alikataa lisifuliwe."

Kabla hajamaliza nilishanyanyua mkono. Nikalileta likichuruzika, jeupe lenye mabaka kama ukuta ulioota ukungu.

Hakuna aliyenifokea. Mama Komba alilipokea, akajifunika nalo usoni, akavuta pumzi.

"Mwalimu," akasema polepole, "linanuka maji ya bomba."